Kiganja cha Mgeni

Mvua ya alasiri ilikuwa imeshika kasi Wilkista aliposikia mlango wake ukigongwa. Akashangaa, kwa sababu watu wa laini, ile safu ya nyumba za wachumaji chai, hawakuwa na mazoea ya kugonga. Walikohoa nje, wakaita jina, wakaingia. Alipofungua alimkuta mwanamke kijana aliyelowa chapachapa, mtoto mgongoni kafunikwa kwa ngozi ya mbuzi, matope mekundu yamempanda hadi magotini.

"Namtafuta Nyang'au," mgeni akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kuulizia bei. "Kaka yangu. Walisema yuko kwa chai."

"Chai ni kubwa, dada. Nyang'au yupi?"

"Mrefu. Ana kovu hapa." Akagusa kidevu.

Wilkista alimjua. Nyang'au alikuwa ameondoka kabla ya Krismasi kwenda kutafuta kazi upande wa Sotik, na hakuaga mtu. Lakini hilo halikuwa neno la kumwambia mtu akiwa bado kwenye mvua, na mtoto alikuwa anakohoa.

"Ingia kwanza," akamwambia. "Habari za Nyang'au hazitalowa."

Mgeni aliitwa Nyanchama. Alikaa karibu na moto akasimulia kwa maneno machache aliyokuwa nayo. Nzige walitua kwenye shamba lao la wimbi huko Kisii siku moja asubuhi, na jioni shamba lilikuwa udongo mtupu. Walipanda tena. Watoto wa nzige wakatoka ardhini, wakala yale yaliyoota. Mume wake alikwenda Magadi kutafuta kazi na tangu hapo hakuleta habari. Ndipo akamkumbuka kaka yake. Alipoambiwa kwamba kaka hayupo, hakulia. Aliuliza tu kama kuna kazi kwa mtu mwenye mikono.

Kazi ilikuwapo. Majani yalikuwa yanakuja kwa wingi baada ya mvua, na nyapara alimwandikisha kesho yake bila kumtazama usoni. Ila tiketi, ile kadi ya kuhesabia siku thelathini za kazi, peke yake haikumlisha mtu. Siku ilihesabiwa pale tu kikapu kilipofika uzito kwenye mizani, na mtu asiyekuwa na siku zilizohesabiwa hakupewa posho ya unga. Mgeni yeyote aliingia kwenye mtego huo, kwa sababu vidole havijifunzi chai kwa siku moja.

Ndiyo maana laini ile ilikuwa na desturi yake, iliyoanza kabla ya Wilkista kufika. Mwisho wa kazi, kabla ya kwenda mizanini, kila mchumaji aliyepita karibu na mgeni alichota kiganja kimoja cha majani kutoka kikapu chake, akamtilia. Kiganja hakimpunguzii mtu kitu cha kuonekana. Lakini viganja vya mstari mzima vilimfikisha mgeni kwenye uzito, siku kwa siku, mpaka vidole vyake vikazoea.

Siku ya kwanza Nyanchama alijaza kikapu kabla ya mtu yeyote. Alikipeleka kwa furaha, na Phelix, karani wa mizani, akaingiza mkono, akatoa jani pana kama sahani.

"Mama, umechuma sukuma?"

Wachumaji wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Nyanchama alikuwa amechuma chai kama wanavyochuma mboga kwao: majani makubwa ya chini, na ncha changa akaiacha ikue. Phelix akamwaga kila kitu.

"Lakini ukichuma ncha, unauua mti," Nyanchama akasema, kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto.

"Huu mti unapenda kuuawa," Ndung'u, mchumaji mwenzao, akamjibu. "Ncha na majani mawili. Hayo mengine mwachie Mungu."

Jioni ile hakuhesabiwa siku, na viganja vya wenzake havikutosha kujaza kikapu kilichomwagwa.

Jumapili, baada ya maombi, watu walikaa nje ya nyumba ya mzee Okoth, mkubwa wa laini. Nyanchama hakuitwa. Mwezi ule wageni walikuwa wengi, kila siku ya Mungu mtu na mzigo wake, na uzito wa kikapu ulikuwa umeongezwa tangu bei ya chai ianguke huko inakouzwa. Mchumaji mmoja, Loice, ndiye aliyelianzisha suala la viganja.

"Mimi nina watoto wanne," akasema, "na mume mwenye kifua. Wageni walipokuwa mmoja mmoja nilitoa, hakuna asiyejua. Sasa natoa kwa sita. Viganja sita kila jioni ni kikapu changu kinachonitoroka. Jana karani aliniambia, Loice, umefika kwa bahati. Siku bahati ikikataa, nani atanijazia mimi? Mgeni?"

"Anasema kweli," sauti ikatoka nyuma.

"Mimi nilipokuja kutoka Kiambu mlinitilia," Ndung'u akasema. "Ingawa kuna aliyenitilia mjusi."

Watu wakacheka, naye Loice pia.

"Wewe ulikuja peke yako, Ndung'u. Mjusi mmoja ulikutosha. Hawa wataleta dada, shemeji, na shangazi wa shemeji. Wakisikia kuna laini inayojaza vikapu, nani atabaki Kisii?"

"Atabaki nani wakati nzige wamekula?" Ndung'u akauliza. "Hawaji kwa sababu ya kiganja chako. Wanakuja kwa sababu ya njaa."

"Basi njaa yao iwe mzigo wa kampuni. Kampuni ndiyo inataka mikono. Kwa nini sisi ndio tunawalea mpaka wafae, halafu kampuni inavuna?"

Lilikuwa swali zuri. Mzee Okoth alikuna goti lake kwa muda mrefu.

"Sitamlazimisha mtu," akasema mwishowe. "Anayetaka kutoa, atoe. Asiyetaka, asinune wala asinuniwe."

Wilkista hakuwa msemaji. Mbele ya watu maneno yalimkauka mdomoni. Lakini alimwona Nyanchama kwa mbali, akimwanikia mtoto nguo juu ya ua wa nyumba ya Wilkista alimohifadhiwa, hajui kwamba anajadiliwa, na kinywa kikafunguka chenyewe.

"Mimi nitampa changu," akasema.

"Mpaka lini, Nyar Kano?" Loice akamuuliza, akimwita kwa jina la kwao. "Mpaka aolewe?"

"Mpaka amalize tiketi yake ya kwanza. Kila siku."

"Haya. Tumesikia wote."

Jioni hiyo hiyo Loice alipita na kibuyu cha uji akakiweka mlangoni kwa Wilkista. "Wa mtoto," akasema. Wilkista alipomtazama, akaongeza: "Usinitazame hivyo. Uji ni wangu, nampa nimtakaye. Kikapu ni cha kampuni."

Basi ikawa Wilkista, na Ndung'u, na mmoja mmoja mwingine siku alipojisikia. Nyanchama alijifunza. Usiku aliota anachuma, vidole vikicheza juu ya blanketi. Siku nyingi alifika uzito. Siku mbili hakufika, na siku ya pili nyapara alimwambia mbele ya watu kwamba akipungukiwa tena, tiketi yake itachanwa na atatoka laini na mtoto wake.

Wilkista naye alikuwa na hesabu yake. Alikuwa mjane, na binti yake Drusilla alilelewa na bibi yake huko Awasi, chini kwenye tambarare za Kano. Hakuwa amemwona tangu mvua za mwaka uliopita. Kila mwisho wa mwezi lori la chai liliteremka Kisumu, na aliyekuwa amemaliza tiketi aliruhusiwa kupanda na kukaa kwao siku chache. Tiketi ya Wilkista ilibakiwa na siku moja tu, na siku hiyo ilikuwa siku ya lori. Alikuwa amempa habari mfanyabiashara mmoja amfikishie mtoto. Mtoto alikuwa anajua kwamba mama anakuja.

Asubuhi ya siku hiyo ikanyesha mvua ya mawe.

Haikuchukua muda. Mawe yalipiga vichaka kama mtu anayetwanga kwa hasira, na yalipokwisha ncha changa zilikuwa zimevunjika, zimelala matopeni. Watu wakaingia mistarini wakitafuta zilizosalimika chini ya majani makubwa. Habari zikaja kwamba uzito ni ule ule.

"Bwana wa kampuni hakupigwa na mawe," Ndung'u akasema, na safari hii hakuna aliyecheka.

Siku nzima Wilkista alichuma bila kunyoosha mgongo. Kufikia mchana aliacha kusikia baridi kwenye vidole. Alikijua kikapu chake kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso; hakuhitaji mizani. Saa ya kutoka ilipofika, kamba ilimwambia kwamba kimefika, ila hakina cha ziada. Bondeni lori lilikuwa limeshaanza kunguruma, watu wakipakia masanduku.

Mwisho wa mstari walipokusanyika, Ndung'u alimtazama Nyanchama kisha akatazama chini. "Leo sina, dada," akasema. "Na mimi huenda nimepungukiwa." Wengine walipita kimya. Loice alipita upesi kuliko wote.

Nyanchama alikuwa amesimama kando, amempa Wilkista mgongo. Alifanya makusudi. Wilkista alimfuata, akainua kidogo kikapu cha Nyanchama, akakipima. Kilikuwa karibu sana na uzito. Kilikuwa karibu kama mtu aliyefika mtoni akakosa hatua ya mwisho.

"Acha, dada," Nyanchama akasema bila kugeuka. "Nimesikia lori. Nenda umwone mtoto."

"Kamba yako inakuambia nini?"

Nyanchama akaisogeza kamba kwenye paji lake, bado amempa mgongo.

Kwa kitambo Wilkista alimwona Drusilla kando ya barabara ya Awasi, akiyatazama malori. Aliliona hata gauni ambalo lazima sasa lilikuwa limekuwa fupi. Angeweza kusema kwamba mawe hayakuwa kwenye ahadi. Hakuna mtu laini nzima ambaye angemlaumu, na huyu aliyeahidiwa alikuwa amekwisha kumsamehe ahadi.

"Sikusema siku za jua peke yake," akasema.

Akachota kiganja. Hakuchota kidogo kwa hila. Alichota kama siku zote, vidole vimejaa, akatia.

Mizanini Nyanchama alitangulia. Phelix alisubiri chuma cha mizani kitulie, akaita uzito, akaandika. Nyapara akatazama, akageukia pengine. Kisha Wilkista akatundika chake. Phelix alikitazama chuma kwa muda mrefu, kama anayekingoja kibadili nia.

"Mama Drusilla," akasema kwa sauti ya chini, "kimepungua kidogo tu. Lakini nyapara yuko hapa."

"Najua, mwanangu. Andika ulichoona."

Ndung'u alikuwa amefika uzito kwa shida, tiketi yake ikaisha, na alikuwa anapanda lori kwenda Kisumu kununua blanketi. Wilkista alimfikia lori likiwa limeanza kusogea.

"Mkisimama Awasi," akamwambia akitembea kando yake, "kuna mtoto wa kike atakuwa barabarani na bibi yake. Mwambie ni mwezi ujao. Mwambie mama yake ni mzima."

"Nimwambie sababu?"

Wilkista alifikiri, lori likimpita.

"Mwambie kulikuwa na mgeni," akasema.