Ratiba ya Tumbo la Bwana Mdogo

Kuna matumbo makubwa, halafu kulikuwa na tumbo la Bwana Mdogo. Huyu alikuwa mwanafarasi wa miezi mitatu, na tumbo lake ndilo lililotangulia kuingia bandani, likakagua hali ya usalama, ndipo mwenyewe akafuata. Manyoya yalimsimama kama brashi ya viatu, mbavu zilihesabika, lakini tumbo! Fundi, mshona nguo mstaafu aliyekuwa akimtunza, alipolipiga konzi taratibu lilitoa mlio wa ngoma iliyowambwa asubuhi hiyo hiyo.

"Minyoo," akasema Fundi.

"Minyoo," akaitikia Kinyozi, shemeji yake. Hiyo ikawa mara ya mwisho kwa wawili hao kukubaliana mwezi ule.

Shida ilikuwa hivi. Farasi jike, mama yake Bwana Mdogo, ni urithi ambao marehemu baba alimwachia mke wa Fundi pamoja na kaka yake, yaani Kinyozi. Jike alikaa kwa Fundi. Lakini mtoto akishaachishwa kunyonya ilibidi aamuliwe: abaki hapo, au ahamie ua ulio nyuma ya duka la kunyolea. Fundi hakutaka hata kuiwaza siku hiyo. Tangu afunike cherehani yake, hakuna aliyemngoja asubuhi isipokuwa Bwana Mdogo, aliyemfuata ua mzima akimtafuna mfuko wa koti. Mtu aliyezoea kuulizwa "Fundi, nguo yangu tayari?" kwa miaka arobaini na moja, ukimya humla nyama.

Jumapili hiyo Kinyozi alikuja na viatu vyeupe na nadharia.

"Minyoo ni kama nywele tu, shemeji. Kila wiki mbili, dawa. Ukichelewa zinajikunja, kichana hakipiti."

"Minyoo wana kichana?"

"Nakupa mfano, nawe unaanza kuushona!"

"Mtoto hapewi dawa kwa saa ya ukutani," akasema Fundi. "Unampima. Kifua kikiongezeka, dozi. Kisipoongezeka, unangoja. Nguo haibadilishwi mpaka ibane."

"Tumbo limebana hadi mkia unataka kung'oka, wewe unangoja nini? Mteja aje kulalamika?"

Walibishana hivyo mpaka mke wa Fundi akatoka na beseni la nguo mbichi.

"Sikilizeni," akasema. "Kinyozi hajinyoi, kichwa chako kaka yangu ni kichaka. Na wewe baba watoto suruali yako imeshikwa na pini. Leo ndio mmekuwa madaktari? Tumpigie simu daktari wa mifugo. Atakayekubaliwa ratiba yake, farasi ni wake. Nimekata maneno, nina nguo za kuanika."

Fundi akachukua simu. Mkewe akikata maneno, hakuna uzi wa kuyashona tena.

Daktari akapokea simu akaagiza mambo mawili: kinyesi kibichi cha mwanafarasi, akitazame kwa darubini kama kina mayai ya minyoo, na vipimo vya kifua na urefu, apate kukisia uzito, maana dawa hufuata kilo. Angefika Alhamisi.

Jumatatu Fundi akashika kopo la vifungo, akamfuata Bwana Mdogo nyuma. Bwana Mdogo hana hili wala lile. Fundi akisimama, mkia juu. Akiinama na kopo, mkia chini. Jirani aliyekuwa juu ya paa akipigilia bati alihesabu mizunguko mia mbili na sita ya ua, na jirani huyo haongezi chumvi isipokuwa siku za kazi. Saa tisa alasiri kopo likajaa, Fundi akalibeba kwa mikono miwili kama kombe la ubingwa.

Vipimo vikaja baadaye, na hapo Fundi alikuwa kwenye fani yake. Tepu shingoni, chaki sikioni, pini mdomoni ingawa hakuna cha kubana. "Simama wima, bwana. Usivute tumbo, nitajua." Akazungusha tepu kifuani, akapima kutoka bega mpaka tako, akaandika kwa mwandiko wake mzuri. Jumanne Kinyozi akapeleka kopo na karatasi kwa baiskeli, pamoja na ratiba yake mwenyewe, aliyoiandika nyuma ya orodha ya mitindo ya nywele.

Alhamisi daktari akaingia uani, mwanamke mwembamba mwenye mabuti. Alimtazama Bwana Mdogo, akatazama nyuma yake, kisha nyuma ya banda.

"Yuko wapi huyu wa kwenye karatasi?"

"Ndiye huyo, Daktari," akasema Fundi.

"Kwa vipimo hivi, mzee wangu, ana kilo mia moja themanini na nne. Anamnyonya mama yake, au anambeba mgongoni?"

Akatoa tepu yake, akapima mwenyewe, akakokotoa. Kilo themanini na nane. Macho yote yakamgeukia Fundi.

"Niliweka nafasi kidogo," akasema Fundi.

"Nafasi ya nini?"

"Sentimita kumi za kupumulia. Na ishirini za kukulia. Huyu ni mtoto, Daktari! Mtoto huwezi kumpima kavu kavu."

Mkewe alicheka mpaka akakalia ndoo. "Daktari, mtu huyu ndivyo alivyo! Mwanetu wa kwanza alivaa shati la darasa la kwanza mpaka siku aliyokwenda kuposa!"

Daktari hakucheka. "Ningefuata karatasi hii angemeza zaidi ya mara mbili ya dawa yake."

Fundi akamkumbatia Bwana Mdogo shingoni, asije akaanguka. Yaani yeye Fundi, Bwana Mdogo alikuwa imara.

Kinyozi akakohoa kistaarabu. "Basi shemeji kajinyonga kwa tepu yake. Tuje kwenye yangu."

Daktari akaisoma. "Mara ishirini na sita kwa mwaka?"

"Ya ishirini na saba ni ofa."

"Baba, ukiwapiga dawa kila wiki mbili, dhaifu watakufa, sugu watabaki. Sugu wataoana na sugu, watazaa sugu. Mwakani ukiwapa dawa watakuuliza sukari iko wapi. Hutakuwa unatibu, utakuwa unafuga mabondia."

Kinyozi akajikuna kichaka chake.

"Mayai nimeyaona, ni ya wale minyoo wakubwa wa watoto," daktari akaendelea. "Leo anapata dozi ya kilo zake halisi. Akikaribia kuachishwa kunyonya, miezi sita hivi, naangalia tena kinyesi, anapewa nyingine. Halafu miezi tisa, halafu mwaka. Na kila mara kinyesi kwanza, kalenda baadaye."

"Kwa hiyo nani kashinda?" mke wa Fundi akauliza.

"Mmoja angemzidishia, mwingine angemharibia. Mshindi hapa ni farasi, kwa kuwa mlinipigia simu." Kisha akanyoosha kidole kuuzungusha ua wote. "Tena hiyo ni nusu ya kazi. Mayai yanatoka humu. Mavi yaondolewe ua mzima mara mbili kwa wiki, mvua ije, jua liwake. Nani ataifanya?"

Mke wa Fundi akanyanyuka kwenye ndoo, akachukua sepetu mbili ukutani.

"Kumbe ratiba ndiyo hii. Mwenye sepetu ndiye mwenye farasi. Anzeni."

Kinyozi akainua fungu la kwanza kwa ncha za vidole, kama anayetoa unywele kwenye chai. La pili likamdondokea kwenye kiatu cheupe. Akasimama akikitazama kile kiatu kwa huzuni ya msibani.

"Dada, mikono hii inashika nyuso za watu."

"Basi nenda ukazishike."

Fundi hakuwa akisikia. Mgongo uliokaa kwenye stuli miaka arobaini na moja ulilia kama bawaba, lakini toroli la kwanza likajaa, akaenda kulimwaga, akarudi. Nyuma yake daktari alimsukumia Bwana Mdogo dawa mdomoni kwa bomba, naye akakunja sura, akatoa ulimi, akawalaumu wote kwa zamu.

Kwenye toroli la tatu Kinyozi akaegemeza sepetu yake ukutani. "Mchukue, shemeji. Mimi nitakuja kumpunguza singa za shingoni tu."

"Karibu. Lakini si kila wiki mbili."

Mkewe akamtazama Fundi, shati limelowa, pini zimetawanyika, kofia imekaa upande. "Baba watoto, inatosha, ua umeng'aa. Njoo unawe."

"Nakuja," akasema Fundi.

Katikati ya ua, pale palipong'aa kuliko pote, Bwana Mdogo akatanua miguu, akainua mkia taratibu. Fundi akakimbilia sepetu, mbio za mtu aliyesikia anaitwa kwa jina lake.