Nyongeza ya Ndagala

Mgeni kutoka ng'ambo alikuja kwetu Ruziba, pale ushirika wetu wa wanawake unapoanika ndagala. Alitaka kutuletea mashine ya kukaushia, ili mvua isituozeshee samaki tena. Akanikuta nampimia mteja, halafu namwongezea kiganja kimoja juu ya kipimo.

"Huyu Mama Ingrid," akasema Gaël, mkalimani wake, "anasema hiyo ni hasara. Mukishirikiana naye, nyongeza iishe."

Damu ikanichemka. "Mwambie, mutu nisiyemupa nyongeza, kesho ananunua kwa Houda pale jirani!"

Gaël akatafsiri bila kupunguza kitu. Mgeni akaitazama foleni iliyokuwa mbele yangu, akacheka.

"Sawa, nyongeza ibaki," akasema, akaninyooshea mkono.

Sikuupokea. Kwa mpango wake, sisi tungetoa uwanja, samaki na jasho, na mashine ingebaki yake siku zote.

"Na nyongeza yetu iko wapi?" nikauliza. "Naye amekuja kutuuzia mpango wake. Auze kama sisi."

Safari hii hakucheka.

"Baada ya miaka mitano," akasema, "mashine itakuwa yenu."

Nikaupokea mkono wake. "Gaël, mwambie sasa anajua kuuza."