Mlango wa Tatu wa Zahanati ya Yalpirri

Jumanne ya daktari wa moyo, Myra, mhudumu wa zahanati, alitoka na Toyota yao kuwachukua wagonjwa saa moja kasoro robo asubuhi, orodha ya wagonjwa kaibandika kwenye dashibodi, kikombe cha chai kakibana mapajani. Orodha ilikuwa na majina sita. Daktari wa moyo huja Yalpirri, kijiji chetu cha mbali, mara mbili kwa mwaka, huja kwa ndege ndogo, na saa tisa kamili huondoka, apone mtu asipone mtu. Asiyepimwa siku hiyo hurudi mwisho wa foleni.

Jina la nne lilikuwa la mama mmoja aliyezikwa miaka miwili nyuma.

Hapa hatulitaji. Yalpirri mtu akifa jina lake nalo hupumzishwa, hata wajina wake hutafutiwa majina mengine, na mimi sitakuwa wa kwanza kuvunja mwiko huo kwa ajili ya hadithi. Tumwite mkwe tu, maana alikuwa mama mkwe wa Lyndon, kijana aliyelelewa na Myra; inatosha. Myra aliguna tu. Watu wa mjini hukosea kila mara. Mwaka juzi walimwita Mzee mmoja kliniki ya wajawazito.

Lakini alipopita kwenye nyumba ya marehemu, ambayo ilifukizwa moshi wa majani na kufungwa tangu msiba, alimkuta amekaa kwenye ngazi, mkoba mapajani, barua mkononi. Alivaa gauni lile lile la maua walilomzika nalo.

"Umechelewa," akasema.

"Mbwa walilala barabarani, dada."

"Hao mbwa hawajafa tu?" Akapanda mbele, akafunga mkanda. "Barua imepitishwa chini ya mlango juzi. Nimeitwa."

Myra akaisoma. Iliandikwa aje bila kukosa. Juu yake palikuwa na muhuri mwekundu: HARAKA. Tarehe ya muhuri ilikuwa ya miaka mitatu iliyopita, mwenyewe angali hai.

Kilichomsumbua Myra kilikuwa kingine. Jina la tano lilikuwa la Lyndon, mtoto wa dada yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka minne. Na Lyndon hawezi kupanda gari moja na mama mkwe wake. Hawatazamani, hawasemezani, hawakai chini ya paa moja. Ndiyo heshima, na waliitunza miaka kumi na mmoja. Mama akiingia dukani, kijana anatoka kwa mlango wa nyuma na unga hajanunua. Sasa je, kifo huimaliza heshima hiyo? Myra alijaribu kukumbuka kama kuna mtu aliwahi kuuliza. Hakumkumbuka. Basi akampeleka mkwe kwanza, ndipo akarudi kumfuata Lyndon, na dakika arobaini zikaenda.

Lyndon alikuwa anatafuta kofia. Lyndon siku zote alikuwa anatafuta kofia. Ana miaka thelathini na mmoja, na homa ya utotoni ilimlia valvu moja, kilango cha damu moyoni. Mwezi uliopita nesi alimwambia wazi kwamba bila upasuaji hatauona mwisho wa msimu wa joto, na wapasuaji wa mjini hawampokei mtu asiye na kipimo cha mwaka huu kutoka kwa daktari wa moyo. Akipanda ngazi tatu anakaa chini kupumua, halafu anasema alikuwa anafunga kamba za viatu.

"Wewe hata kwenye mazishi yako utachelewa," Myra akamwambia.

"Si watanisubiri, Mama mdogo? Bila mimi wataanzaje?"

"Ingia garini, mjinga wewe. Mkwe wako yupo kule."

Lyndon aliiokota kofia, akaishusha mpaka kwenye nyusi.

"Kaingia mlango gani?"

"Wa mashariki."

"Basi mimi wa magharibi."

Hiyo milango miwili ndiyo fahari ya Yalpirri. Zahanati ya zamani ya serikali ilikuwa na mlango mmoja, na wanaume wazima walikuwa wakifika na homa, wakichungulia, wakimwona mkwe kwenye benchi, wakirudi nyumbani kufa kwa adabu. Wananchi walipoichukua zahanati mikononi mwao, kamati ilikaa siku tatu kwenye chumba cha kubadilishia nguo cha timu ya mpira, na kabla hata ya kuzungumzia dawa wakapitisha milango miwili na vyumba viwili vya kusubiria. Chumba cha daktari tu ndicho kilikuwa kimoja, katikati. Walihesabu kwamba mmoja akitoka ndipo mwingine ataingia. Hawakuhesabu kwamba mtu anaweza kuingia asitoke.

Daktari alikuwa kijana mpole kutoka pwani, anaitwa Prentice. Watatu wa kwanza aliwamaliza vizuri. Saa tano na nusu akaingia mkwe. Prentice akampaka jeli kifuani, akaomba radhi kwa ubaridi wake, mkwe akasema hausikii. Moyo ulionekana kwenye kioo cha mashine, mzuri, mkubwa kidogo, umetulia tuli.

Prentice akaizima mashine, akaiwasha upya. Mashine huchukua nusu saa kuwaka. Akabadilisha waya. Akaizima tena.

"Daktari," Myra akasema, "huyu alishafariki."

Prentice akatazama kompyuta. "Huku yuko hai. Na barua ni ya kwetu."

"Basi mruke, mpime wa tano."

"Kompyuta hainifungulii wa tano kabla sijamfunga wa nne. Na wa nne haimfungi bila mapigo ya moyo." Alionekana kuona haya. "Samahani, dada. Hata mimi sielewi."

Myra akampigia simu Bi Audrey, mwenyekiti wa kamati, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Bi Audrey akaja na katiba ya zahanati kwenye mfuko wa plastiki, akasoma kwa sauti: mwana wa Yalpirri yeyote atakayefika hatarudishwa.

"Hatukuandika awe anapumua," akasema. "Ningejua ningeandika."

"Sasa tufanyeje?"

"Unaniuliza mimi? Mimi nilikuja kusoma."

Saa nane ikapita. Myra akamwinamia mkwe, akamweleza ya Lyndon, valvu, wapasuaji, ndege.

"Ni baba wa wajukuu zangu," mkwe akasema. "Sikatai. Ila na mimi niliambiwa ni haraka, Myra. Nikakaa pale barazani nasubiri gari, mpaka nikachoka. Ningeenda wapi mtu ameniita?" Kisha akasema, "Haya. Nikitoka nitaandikwa sikufika; nitageukia ukutani, kompyuta ijue nipo, na yeye aingie apimwe."

Hata Prentice alikubali. Alisema atampima kwa jina la wa nne, ya karatasi yatajulikana baadaye. Myra akakimbia chumba cha magharibi. Lyndon alikuwa amekaa sakafuni chini ya bango la kunawa mikono.

"Kageuka ukutani. Njoo upesi."

"Siwezi, Mama mdogo."

"Nimekwambia kageuka!"

"Chumba kimoja ni chumba kimoja." Akamtazama kwa macho ya yule mtoto wa miaka minne. "Hata ningeingia, moyo ungekataa kupimwa kwa haya. Usinilazimishe."

Myra alitaka kumkasirikia mtu. Alimtazama mkwe, akamtazama Lyndon, akamtazama Prentice anayefuta jeli, na kila aliyemtazama alikuwa na haki yake. Alisimama ukumbini, katikati ya vyumba viwili, hajui aelekee wapi, mpaka akasikia injini ya ndege.

Prentice aliiacha kompyuta, akaandika haraka haraka kwenye fomu ya kufungia siku. Wa nne: amefika, arudi baada ya miezi sita. Wa tano: hakufika.

"Yuko hatua kumi kutoka hapa," Myra akasema.

"Ndiyo," Prentice akasema, "lakini hakuna pa kuandika hatua."

Wa sita alikwenda zake bila kuuliza. Lyndon akarudishwa mwisho wa foleni. Jioni alikula mkia wa kangaruu kwa Myra, akatania kwamba mkwe wake hata akifa haachi kumtoa dukani bila unga. Wote walicheka. Myra alicheka mpaka akaingia jikoni kulia.

Kamati ilikaa tena. Waliandika barua mjini kuomba daktari wa moyo aje kila mwezi, wakajibiwa kwamba barua yao imepokelewa na imewekwa kwenye foleni. La pili lilikuwa rahisi zaidi: kutoboa mlango wa tatu upande wa kusini, wenye chumba chake na benchi lake, kwa wale wanaoitwa wakiwa wameshachelewa. Vijana waliumaliza kwa wiki tano. Bi Audrey aliupaka rangi ya bluu mwenyewe na kuharibu viatu vyake.

Miezi sita ikapita, na msimu wa joto ndani yake.

Jumanne ya daktari wa moyo Myra alifika kufungua kabla jua halijapanda. Orodha ilikuwa na majina tisa. Alianza na mlango wa kusini. Mkwe alikuwa ameshakaa kwenye ncha moja ya benchi, na gauni lake la maua, uso kaugeuzia ukutani. Kwenye ncha nyingine, mgongo kaugeuza, kofia kaishusha mpaka kwenye nyusi, alikaa mwana wa dada yake, ambaye jina lake nimelitumia vya kutosha na sitalitumia tena. Mkononi alikuwa na barua yenye muhuri mwekundu.

"Leo nimewahi, Mama mdogo," akasema.

"Umewahi, mwanangu."

Myra alileta shuka, akalitundika katikati ya benchi ili wasionane, chumba kimoja kiwe viwili. Akamwekea mwanawe kofia sawa. Halafu akachukua orodha, akaandika mbele ya majina mawili asiyoweza kuyataja: amefika, amefika. Wengine saba walikuwa bado majumbani, wakisubiri gari.