Muda wa Chini ya Cherehani

Cherehani mpya zilipofika kiwandani, msimamizi aliwakusanya mafundi mbele ya stoo akawaambia shida zimekwisha. Kola iliyokuwa ikila robo saa sasa ingeshonwa kufumba na kufumbua, na muda utakaobaki ungekuwa wao, wakae na watu wao. Mafundi wakapiga makofi. Mama Kola naye alipiga, maana nyumbani alikuwa na mama yake mgonjwa, na bi mkubwa yule hakuwa akidai dawa wala chakula. Alitaka mwanawe akae naye mchana mmoja tu waongee, kabla hajaondoka duniani.

Mama Kola hakuwa na mtoto wa jina hilo. Alishona kola za mashati mwaka nenda mwaka rudi, hata mkono wa shati alishausahau, ndipo wenzake wakambandika jina hilo.

Muda ulibaki kweli. Ulidondoka chini ya cherehani pamoja na nyuzi, mweupe, mwepesi, wenye joto kama shuka iliyotoka kupigwa pasi. Kila jioni mfagiaji aliuzoa akautia magunia, na magunia yakapakiwa kwenye gari la tajiri, mwenye kiwanda. Habari za kukaa na watu wao hazikutajwa tena. Idadi ya kola iliongezwa, basi. Tajiri, mtu mzima mwenye wajukuu, akaanza kuota chunusi za ujanani.

Siku moja uvumilivu ulimwisha Mama Kola. Akachota konzi ya muda, akaifunga kwenye kitambaa chake cha kichwa. Getini mlinzi alimpekua akitafuta vifungo na sindano, maana ndivyo vilivyokuwa vikiibwa. Kitambaa alikigusa, akakiona kina joto, akampa pole ya homa.

Nyumbani alikifungua kando ya kitanda. Jua lililokuwa limezama likapanda tena mpaka usawa wa dirisha lao, likatulia. Kwa jirani taa zilikuwa zimeshawashwa. Bi mkubwa alijisogeza ukutani, akampisha.

"Leo umepata nafasi, mwanangu?"

"Nimepata, mama."

Lakini muda ule ulikuwa umekatwa kwenye kola. Hawajamaliza hata kujuliana hali, mikono ya Mama Kola ikaanza: kunja, sukuma, geuza, kata uzi. Aliikalia, ikachomoka. Bi mkubwa akaishika kwa yake iliyokonda, nayo ikaendelea na kazi humo humo. Mama Kola alilia kwa hasira. Alijiona mjinga, kuiba muda bila kuangalia ni wa nini.

"Usilie," mama yake alisema. "Niambie tu, unashona nini?"

Akamwambia. Wakaongea hivyo hivyo, habari za kola, na kidogo habari za marehemu baba, mpaka jua likazama mara ya pili.

Asubuhi msimamizi alikuwa akimsubiri. Hakufoka. Alisema gunia limepungua konzi moja, akauliza kola zake za jana jioni ziko wapi. Mama Kola akajibu kwamba alishona hewa, kitambaa hakikuwepo. Msimamizi akaguna, akasema hilo linarekebishika.

Tangu hapo aliruhusiwa kuchota konzi kila jioni, na furushi la vitambaa juu yake. Wenzake walimwonea wivu. Bi mkubwa aliegemezwa mto, akawa anapunguza nyuzi zinazoning'inia, na alisema angalau wako pamoja. Alipokata roho, jua lilikuwa bado dirishani. Mama Kola alimwita jirani aje amfumbe macho, kwa kuwa mikono yake mwenyewe ilikuwa haijamaliza.