Dakika Saba Ndani ya Bwawa

...na dakika saba ni kitu gani, dakika saba maji ya ugali hayajachemka, dakika saba unatafuta kiatu cha mtoto uvunguni na hukioni, lakini dakika saba hizo hizo ndizo zinampeleka Eveline Mwanza na kumwacha Mbuke hapa, nyuma ya nyumba ya wifi yake, Mafinga, amekaa kwenye kigoda, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, namba arobaini na saba ya wino mweusi imemng'ang'ania mkononi kama kupe, ameisugua kwa sabuni ya kipande mpaka ngozi ikawaka na haikutoka... Eveline huyu huyu wa kila Jumamosi, ambaye mlima wa kutoka Uyole kwenda Isyonje haumalizi bila kushuka kwenye baiskeli, "nisubiri, shoga, kifua," na Mbuke anamsubiri, siku zote anamsubiri, leo Eveline hakumsubiri mtu, na angesubiri kwa nini, mashindano ni mashindano, unaogelea, unapanda baiskeli, unakimbia, wanawake watatu wa kwanza wanakwenda Mwanza mwezi wa tisa kuogelea ndani ya ziwa lenyewe, na Eveline amekuwa wa tatu, Mbuke wa sita, kati ya wanawake kumi na wanne wa sita, baina yake na Eveline dakika tatu na nukta kidogo, toa tatu kwenye saba zinabaki nne, hesabu ya mtoto wa darasa la pili, ameipiga tangu asubuhi na kila akiipiga jibu ni lile lile, alikuwa anakwenda Mwanza. Lile ziwa hajawahi kuliona. Amezaliwa Usangu, kwenye vumbi la ng'ombe na matope ya mpunga, ziwa amelijua kwa mdomo wa baba yake tu, mzee Selestini, ambaye alimwita mayu, mama kwa Kisukuma, na kila jioni alikuwa na neno, "maji yale, mayu, unasimama ukingoni na ng'ambo hakuna," na alikufa ng'ambo hiyo hajairudia, na Mbuke akaapa, si kwa sauti, nani wa kumwapia, akaapa tu ndani kwamba ataingia yale maji kwa ajili yake, kwa mikono yake na miguu yake, si kwa nauli ya basi, maana kwa basi kila mtu anafika.

Dirisha la sebule liko juu ya kichwa chake, limeachwa wazi kidogo ili moshi wa jiko la mkaa utoke, Juni ya huku bila mkaa ndani watu hawakai, na sauti ya Asukile inatoka pamoja na moshi, mume wake huyo, anavyopenda kueleza, "shemeji Vitus, mimi nilimwambia mama Lugano, kuogelea kwa mfereji wa mpunga sio kuogelea kwa bwawa, bwawa la huku lina baridi, mguu ukikaza umekaza," na Vitus, mume wa wifi yake Bertha, mtu wa kiwanda cha karatasi kule Mgololo ambaye hata kuelea hajui, anaitikia, "kabisa, ukikaza umekwisha"... Mguu haukukaza. Hakuna mguu uliokaza, mguu uliokaza ulizuliwa kwa ajili ya mwanamume wa boti ya uokoaji, aliyekuja na filimbi yake shingoni, "dada, unazama?" na yeye maji shingoni, meno yanagongana, angesema nini, akasema, "hapana kaka, mguu umekaza, unaachia sasa hivi," na uongo ukishatoka mdomoni una miguu yake, umefika nchi kavu kabla yake, umempokea na taulo, umepanda gari pamoja naye, sasa uko sebuleni unakunywa chai na wanaume. Alifika pale wa tatu. Wa tatu! Mbele yake wawili tu, wale wasichana wa chuo kutoka Iringa mjini, mikono mirefu, hao aliwaacha waende, lakini nyuma yake hakukuwa na mtu karibu, bwawa kimya, mashamba ya chai, kijani pande zote, yamelala kwenye ukungu, na yeye mwili umefunguka, unajua siku ile mwili unapofunguka, kila ukivuta mkono maji yanakubali, akawa anamwona babake akiwa amesimama ng'ambo ya mto na fimbo, "shika mkia, Mbuke, usiuachie mkia," maana ndivyo alivyojifunza kuogelea, ana miaka saba, ng'ombe dume wanavuka mto na mtoto ananing'inia mkiani, dume akichoka na wewe upige miguu, na miguu hiyo ndiyo iliyomfikisha leo mpaka magoti yakagusa tope, akainua kichwa atoke akimbilie baiskeli, na pale, kwenye kile kinjia cha mbao cha kutokea, kamba huku na kamba huku, njia ya mtu mmoja, amesimama baba mkwe wake.

Koti refu la kahawia, mwavuli mweusi umefunguliwa umefunika kichwa mpaka mabegani, manyunyu yanadondoka, lakini koti lile analijua, analifua nani kama si yeye, kwa miaka tisa analifua na kulianika na mwenye koti hajawahi kumtazama usoni. Akarudi nyuma. Ndicho kitu cha kwanza miguu yake ilichofanya, kabla akili haijauliza, ikarudi nyuma mpaka maji yakafika shingoni, kwa sababu miguu hiyo ilifundishwa na Bertha wiki ya kwanza ya ndoa, kule kwao Mwakaleli, wametoka kuchota maji na mzee akatokea mbele kwenye kona, Bertha akamvuta mkono wakatumbukia migombani, ndoo chini, maji yote chini, Bertha ananong'ona, "wifi, kwetu mkamwana haonani na baba mkwe, hampishani njia moja, ukimwona unajificha, ndio heshima yenyewe," na Mbuke, mtoto wa Kisukuma aliyezoea kupiga magoti mbele ya baba yake na kumsalimu macho kwa macho na kucheka naye, akasema sawa, ukienda kwa wenye chongo nawe fumba jicho, akalifumba, akalifumba kuliko wao wenyewe, wake wa shemeji zake siku hizi wanapanda gari moja na mzee, wanampa chai mkononi, Asukile mwenyewe anasema mambo ya kizamani hayo, lakini Asukile ni mtoto wa nyumbani, mtoto wa nyumbani anaweza kuvunja kikombe wakacheka, mgeni akivunja wanahesabu vikombe. Mzee akija uani hukohoa kwanza, kikohozi kimoja kikavu, hicho ndicho hodi yake, na Mbuke akikisikia huacha alichoshika akapita mlango wa nyuma, hivyo ndivyo wanavyosalimiana, kikohozi na mlango, miaka tisa, kikohozi na mlango... na leo atoke majini mbele yake na kile kivazi kilichombana kama ngozi ya pili, mapaja nje, maji yanamchuruzika, apite kwenye kinjia cha mtu mmoja amguse na bega? Afadhali azame. Aliwaza hivyo hivyo kabisa, afadhali nizame, kisha akaanza kuomba, toka baba, toka tafadhali, nani alikuweka hapo, na alijua nani, Asukile, nani mwingine, "hapa utaona vizuri, baba," halafu yeye huyo kaenda na simu yake kupiga picha baiskeli. Miwani ya maji imejaa ukungu, akiivua maji yanaingia machoni, haoni uso, anaona koti na mwavuli, koti halisogei, na nyuma yake maji yanaanza kuvuma, wanakuja, mmoja akapita, wa pili, wanapanda kinjia wanampita mzee huku wakisema "samahani babu," rahisi hivyo, samahani babu, kwao ni babu tu, Eveline akapita akageuza kichwa, "Mbuke, vipi?" na hakusubiri jibu, wakapita kumi na mmoja, akawahesabu wote, na baridi ilipanda kutoka vidoleni hadi tumboni, na watu mia mbili wako ukingoni wanapiga makelele na vigelegele, na hakuna hata mmoja anayejua kwa nini yuko pale, hakuna, hajawahi kuwa peke yake vile, hata siku ya msiba wa baba yake palikuwa na mtu wa kumshika. Halafu koti likaondoka. Tu, bila sababu, likaondoka taratibu na mwavuli wake, akadhani mvua imemchosha. Akatoka wa mwisho. Kwenye baiskeli aliwapita wanane, wanane, huku analia, mlima ule wa kwenye chai aliupanda analia na watu wakampigia makofi wakidhani ni jasho, na nani atamweleza haya, akimweleza Asukile atacheka kisha atakasirika, atakwenda kumfokea mzee, na mzee atakuwa ndiye aliyemnyima mkamwana Mwanza, habari itafika Mwakaleli kabla ya wao, asiposema basi yeye ndiye yule mwanamke wa mpunga aliyeogopa bwawa, na mwakani wakiandikisha majina watamwambia, mama, wewe si yule wa mguu... vyovyote vile anakosa, na kinachomchoma si hata Mwanza, kinachomchoma ni kwamba heshima yenyewe haikuonekana, ametoa kitu kikubwa kuliko vyote alivyokuwa navyo na hakuna aliyepokea, ni sawa na kumwaga maziwa mtoni.

Kikohozi. Kimoja, kikavu, ndani ya sebule, na mwili wake ukainuka nusu kutoka kwenye kigoda kabla hajakumbuka kwamba ukuta upo, akakaa tena, maji ya beseni yakamwagika kidogo. "Asukile, hebu nyamaza kwanza," sauti ya mzee, sauti anayoijua kwa kupitia kuta tu, "mguu, mguu, wewe mguu umeuona?" na Asukile, "baba, si amesema mwenyewe," na kijiko cha mzee kinazunguka kwenye kikombe, kinazunguka, mzee huyu anakunywa chai tamu kuliko asali, "mimi ndiye niliyekuomba unipeleke kule, sio? Nilitaka nimsikie akipita. Ukaniweka pale kwenye mbao ukaenda zako, mimi nikayapa yale maji mgongo," na Vitus, "mgongo, baba?" na mzee, "sasa nimtazame mkwe wangu na nguo za kuogea, mimi nina wazimu? Nikampa mgongo apite, nikafunika na mwavuli, nikawa nasikiliza. Miguu yake naijua, miaka tisa naisikia uani, inapiga haraka haraka halafu inaburuza kidogo. Akapita wa kwanza, sio yeye. Wa pili, sio yeye. Wakapita kumi na watatu, wote nimewahesabu, yeye hayumo, halafu kukawa kimya. Nikasema huyu mtoto amezama. Amezama nyuma yangu hapa, na mimi kugeuka siwezi," na akakohoa hapo, si kile kikohozi cha hodi, kingine, "ndio nikaondoka nikutafute wewe, uje uangalie kwa macho yako"... Mgongo. Mwavuli ule ulikuwa na mgongo chini yake. Mbuke ameshika ukingo wa beseni kwa mikono miwili, mgongo, Mungu wangu, alikuwa amenipa mgongo, mimi nasubiri aondoke yeye anasubiri nipite, njia ilikuwa wazi muda wote, wazi kabisa, angekimbia tu na miguu yake inayoburuza na mzee angeisikia na kutabasamu na Mwanza ingekuwa yake, na kicheko kinampanda kooni pamoja na kilio, havijui kipi kitangulie, wapumbavu wawili, wapumbavu wawili kwenye mvua, mmoja shingo majini na mmoja kwenye mbao, na kati ya watu mia mbili waliokuwa wanapiga makelele pale ni mmoja tu aliyekuwa anamsikiliza yeye, anahesabu anavyohesabu yeye, wa kwanza, wa pili, wa tatu, hofu yake kubwa kuliko baridi ya Mbuke, na hakugeuka. Kumbe walikuwa wawili. Muda wote ule walikuwa wawili.

Ndani mzee anasema kitu kwa Kinyakyusa, chini chini, kiti kinakwaruza sakafu, nyayo, na Bertha anatokea mlango wa nyuma, mwiko mkononi, anajifuta macho kwa kanga, moshi au siyo moshi, "wifi," anasema, "baba anauliza... anasema nikuulize wewe mwenyewe, nisimuulize Asukile. Mguu ulikaza kweli?" na pale juu dirishani kijiko kimeacha kuzunguka, miaka tisa hajawahi kumtumia neno, hili ndilo la kwanza, na Mbuke anajua anachoulizwa, haulizwi mguu, mzee anauliza, je, ni mimi niliyekuzuia. Na ukweli anao, uko hapa kwenye ulimi, tangu saa tano asubuhi anautafuta mtu wa kumpa, na sasa mtu amekuja kuuomba mwenyewe, aseme tu, niliona koti, wacheke wote, mguu ule wa uongo ufe, jina lake lioshwe... na yeye mzee alale vipi leo. Ataibeba Mwanza hiyo mpaka Mwakaleli, ataibeba kila akikohoa uani, pengine hatakohoa tena, pengine hatakuja tena. Mzee Selestini angesemaje, mayu, angesema... hajui angesemaje, amekufa, hayupo wa kuuliza, ataamua peke yake, na ajabu ni kwamba upweke huu haumchomi kama ule wa majini, unamkaa vizuri mwilini. "Mwambie ulikaza," anasema, na anapandisha sauti ipite dirishani bila kupitia kwa Bertha, "ulikaza kabisa, wa kushoto, mwambie hata pale mbele sikuona mtu, nilikuwa nahangaika na mguu." Bertha anamwangalia. Anaangalia macho, anaangalia mguu ndani ya beseni, "haya," anasema, "basi nitamwambia," na anarudi ndani, na kwa dirisha inatoka pumzi ndefu ya mtu mzima, na "afadhali," na tena, "afadhali, niongeze chai." Maji ya beseni yamepoa. Mbuke anautoa mguu wa kushoto, anaupakata kwenye goti lake, na anaanza kuukanda, kutoka kisigino kupanda juu, taratibu, kama mguu wa mgonjwa unavyokandwa.