Mvumo Aliyekalia Kiti cha Fundi Mkude

Jana mchana, jua likiwa bado kali na sahani za chakula hazijaondolewa mezani, fundi Ladislaus Mkude wa Mji Mpya, Morogoro, aliota ndoto. Hakuwa amepanga kulala. Alikuwa amekaa sebuleni kwake akiiangalia amplifaya ya mkewe kama mke anavyomwangalia mke mwenza.

Amplifaya yenyewe ni ya zamani, ya Kijapani, nzito kama jiwe la kusagia, yenye uso wa fedha na mishale miwili inayocheza nyuma ya kioo. Mkewe, Pelagia, aliachiwa amplifaya hiyo na Adriano Kobelo, mpiga tarumbeta aliyetaka kumwoa kabla ya Ladislaus, kisha Adriano akahamia Mwanza. Kila asubuhi Pelagia huipangusa kwa kitambaa laini. Mashati ya fundi hayajawahi kuguswa na kitambaa kile.

Sasa ilikuwa imeanza kuvuma. Chini ya kila wimbo kulikuwa na sauti nzito, mmmm, kama mtu anayekubali jambo ambalo hakulisikia vizuri. Na Adriano alikuwa ametuma salamu: Jumapili atapita Morogoro, atakuja kuwajulia hali, naye angependa kuisikia tena amplifaya yake. "Yake," ndivyo alivyosema. Ladislaus, ambaye nusu ya redio za mji zimepita mikononi mwake, alimwambia mkewe kwamba ugonjwa ule hauna dawa. Pelagia alimtazama, akaenda jikoni. Usingizi ukamchukua fundi hapo hapo, amplifaya ikivuma.

Ndotoni anaamka. Yuko chini kwenye mkeka, na kiti chake kina mtu.

Ni mtu mnene, wa kijivu, ambaye kingo zake zinatetemeka. Amevaa sweta la buluu la Ladislaus, lile la kwendea misa. Pembeni yake, kwenye kigoda, Pelagia anammenyea chungwa.

"Karibu nyumbani," yule mtu anasema bila kufungua mdomo. Sauti inatoka kwenye kabati, kwenye meza, kwenye miguu ya kitanda chumba cha pili.

"Hapa ni kwangu," Ladislaus anasema.

"Ndiyo maana nimekukaribisha."

"Wewe ni nani?"

"Naitwa Mia. Nilipotoka ukutani nilikuwa Hamsini, maana umeme wenu hutetemeka mara hamsini kwa sekunde. Nikapitishwa kwenye daraja la kunyoosha umeme huko ndani, nikawa maradufu. Huyo dada amenizoea kwa jina la Mia."

Pelagia anatoa kokwa moja moja kwa ncha ya kisu kabla ya kumpa kipande. Tangu waoane, Ladislaus anatema kokwa zake mwenyewe.

"Mama Anjela, huyu amekuja lini?"

"Yupo siku zote, baba Anjela. Wewe ukienda karakanani, yeye hubaki."

"Anataka nini?"

"Hataki kitu. Ananisikiliza tu, anaitika mmmm."

Wivu ukampanda Ladislaus kuanzia nyayoni. Akamvamia Mia, akamkamata ukosi wa sweta. Mkono ukapita kama kwenye moshi, na nywele zikamsimama mpaka za masikioni.

"Kelele haitolewi kwa kukabwa shati," Mia akamwambia kwa upole. "Hutafutwa ilikoingilia. Si ndivyo unavyowafundisha mafundi wenzako? Funga milango mmoja mmoja, usikilize."

Ni kweli, ndivyo anavyowafundisha. Ladislaus akageuka. Nyumba sasa ilikuwa na milango ambayo hakuijenga, kila mmoja una kibao juu yake. Mmoja uliandikwa TEPU; ndani yake shangazi zake Pelagia walikuwa wanapiga vigelegele vya harusi. Akaufunga, vigelegele vikakatika. Mwingine uliandikwa SANTURI; kwaya ya parokia ilikuwa imesimama ndani, inazunguka polepole kama sahani. Akaufunga, kwaya ikakoma katikati ya aleluya. Kwenye mlango wa REDIO mtangazaji alikuwa anasoma taarifa za vifo. Alimwangalia Ladislaus kwa unyonge, naye akaufunga.

Kimya. Ndani ya kimya hicho, Mia bado anavuma.

"Kimebaki kitufe cha sauti," Mia anasema.

Kitufe cha sauti kipo ubavuni mwa Pelagia, juu kidogo ya fundo la kanga. Ladislaus hakushangaa, alishangaa tu kwamba hakuwahi kukiona. Akasema, "Samahani, mama Anjela," akakizungusha kuelekea kushoto.

"Baba Anjela, hiyo Jumapili mimi nili—" Pelagia alikuwa anasema, na sauti ikapungua, ikapungua, ikaisha. Midomo ikaendelea.

Mia hakupungua hata kidogo.

"Umeona?" akasema, huku akitafuna chungwa. "Kelele isiyopungua ukishusha sauti haijaingia kwa mlango wowote kati ya hii. Iko ndani zaidi. Umewanyamazisha wote, na mimi nipo. Tumebaki wawili, fundi. Sogea tupige soga."

Ladislaus akarudisha kitufe kulia upesi. Kikazunguka. Kikazunguka tena, na tena, kama kifuniko cha chupa kilichokufa meno, wala sauti haikurudi. Pelagia alikuwa anamwambia jambo refu, kwa makini, akimtazama machoni, na hakuna kilichosikika ila mmmm.

Hapo ndipo alipoogopa. Wivu ulikuwa bado upo, lakini hofu iliusukuma pembeni ikakaa mbele.

Akajilazimisha kufikiri kama fundi. Angekuwa Hamsini, kosa lingekuwa la waya wa ardhi. Huyu ni Mia. Mia huingia pale kapasita za umeme zilipochoka. Akainua pembe ya mkeka ili ashuke, na kabla hajashuka alikuwa ameshafika ndani ya amplifaya.

Ardhi ni ya kijani, njia zake ni za shaba. Mbele kuna geti, na kwenye geti wamesimama walinzi wawili pacha, wanene kama mapipa, wamevaa makoti ya plastiki ya buluu. Utosi wa kila mmoja umevimba.

"Shikamooni," Ladislaus akasema, kwa sababu walikuwa wametengenezwa kabla yeye hajazaliwa.

"Marahaba. Mimi Kulwa, huyu Doto. Umechelewa."

"Mmemwachaje Mia akaingia?"

"Tumekauka, mwanangu," Kulwa akajibu. "Umeme unakuja hapa unarukaruka. Kazi yetu ni kuumeza na kuutoa ukiwa umetulia. Sasa matumbo hayana maji. Tunamwona anapita, tunamwuliza habari za kwao, anapita."

"Nitawabadilisha leo hii." Ladislaus akachomoa bisibisi.

"Usitushike!" Doto akapiga kelele. "Tumejaa!"

"Mmekauka au mmejaa?"

"Vyote. Wewe ni fundi, unajua. Kapasita hushika chaji hata waya ukishachomolewa ukutani. Hata iwe mbovu. Ukitugusa hivi hivi utarushwa mpaka Mafiga."

"Mmeshika chaji ya nini?"

Pacha wakatazamana.

"Swali lako," Kulwa akasema. "Unalotembea nalo tangu harusi. Kila ukilimeza, linashukia huku."

Ladislaus akaangalia viatu vyake. Kisha akainua bisibisi kuwagusisha kichwa kwa kichwa, kama mafundi wenye haraka wanavyofanya ili chaji iishe kwa mlipuko mmoja.

"Kwa bisibisi litalipuka," Doto akaonya. "Litakutoka kwa kelele, Jumapili, mgeni akiwa na kikombe cha chai mkononi. Hutalirudisha. Mpe mshenga."

Mshenga alikuwa ameketi kando ya geti, miguu pamoja. Bi Rizista, mwembamba, amejifunga vitambaa vya mistari: kahawia, mweusi, rangi ya chungwa.

"Mimi sizuii neno," akasema. "Nalipunguza kasi. Maneno ya mke na mume hayapitishwi makavu. Shika mkono huu, Kulwa ashike huu."

Wakashika. Bi Rizista akaanza kupata moto.

"Je," akatamka. Akapumzika. Harufu ya rangi inayoungua ikapanda.

"Ulimpenda."

Ladislaus anataka kuachia mkono, vidole vimekataa.

"Adriano."

Akadhani limekwisha. Lakini Bi Rizista akawa mwekundu kuliko mwanzo, na likatoka neno ambalo Ladislaus mwenyewe hakujua kama lilikuwemo.

"Bado?"

"Tupu," Kulwa akasema.

"Tupu," Doto akasema.

Huko juu, sauti ya Pelagia ikaanza kurudi, ndogo, kwanza upande wa kushoto, kisha wa kulia. Ladislaus akageuza kichwa ili asikie, na shingo ikamuuma, akaamka.

Alikuwa kitini. Sahani zilikuwa mezani, nzi mmoja juu yake. Amplifaya ilikuwa inavuma.

"Nilimpenda," Pelagia akasema kutoka jikoni.

"Unasemaje, mama Anjela?"

"Nakujibu. Nilimpenda, ndiyo. Nilikuwa msichana, na yeye alikuwa anapuliza tarumbeta mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Hata wewe ungempenda. Bado, hapana. Ningekuwa nampenda bado, ningekwenda Mwanza, mabasi yapo." Akatokea mlangoni akijifuta mikono. "Sasa na mimi niulize. Kila redio ya mji huu umeifungua. Moja tu imekushinda, na ni ya mkeo. Kati yetu nani amwonee mwenzake wivu?"

"Nimekuuliza lini?"

"Si sasa hivi? Neno moja, unapumzika. Neno moja, unapumzika. Nikadhani una kiporo cha moto mdomoni."

Ladislaus akainuka. Akachomoa waya ukutani, mvumo ukafa. Akafungua skrubu, akauinua mfuniko, na Pelagia akasogea kumshikia tochi bila kuambiwa. Ndani kulikuwa na kapasita mbili nene za buluu, zimevimba utosini. Zilikuwa zimetoka kwenye umeme sasa hivi. Fundi yeyote angeziogopa, maana zilipaswa kuwa bado zimejaa chaji.

Akachukua mita ya kupimia umeme, akagusisha ncha zake kwenye ya kwanza. Mshale haukusogea. Akagusisha ya pili. Haukusogea.

Akamwomba Pelagia tochi, akatoa betri, akaipima, isije ikawa mita ndiyo mbovu. Mita ilikuwa nzima.

Akarudi kwa zile mbili, akapima tena, polepole. Tupu. Na tupu.