Sufuria Haikupata Pa Kulala

Batula alipanda mizani kwa mara ya arobaini asubuhi ile, safari hii akiwa amekumbatia cherehani yake kama mtoto mgonjwa.

"Eighty-three, hooyo," Kowsar akamsomea mama yake, akichanganya Kiingereza na Kisomali. Msichana huyo wa miaka kumi na miwili alitoa uzito wa mama yake, akaandika daftarini: cherehani, kilo kumi na nne. Mizani yenyewe ilikuwa ndogo, ya bafuni. Kitu kipana hakikukaa juu yake, kwa hiyo kila chombo cha nyumba ile kilibidi kikumbatiwe kwanza ndipo kijulikane kama kinakwenda au kinabaki.

Nje, kwenye mtaa wao wa Handsworth, huko ughaibuni, lilikuwa limeegeshwa gari walilouziwa na mzee Gurnam: gari la kuishi, lenye vitanda, jiko la gesi na choo kidogo kama kabati. Gurnam alizaliwa Kisumu, na Kiswahili chake hakikuwahi kuhama huko. Tangu asubuhi alikuwa akijaza tangi la maji kwa mpira.

"Hii gari si punda, mama," alisema. "Ukitoa dizeli, nyinyi watu watatu na maji, imebaki kilo mia moja na hamsini. Hata maji ni mzigo. Lita moja, kilo moja. Polisi wakikupima barabarani na umezidisha, ni shauri yako."

"Wewe na mkeo, mama Paramjit, mlikuwa mnabeba nini?"

"Chai na blanketi. Tulikuwa tunaenda Scotland kuangalia milima." Akapangusa kioo ambacho tayari kilikuwa safi. "Ilikuwa gari ya raha. Sikujua itakuja kuwa nyumba ya mtu."

Mwenye nyumba alitaka arudishiwe nyumba yake siku ile, aitengeneze, kisha aipangishe kwa kodi ambayo mshahara wote wa Dayib, mume wa Batula, usingeifikia. Dayib alikuwa ghalani akipakia mizigo; aliomba ruhusa ya siku moja tu, akanyimwa. Na kule ofisi ya makazi, Batula alipokwenda kuomba nyumba, akaketi saa tatu nzima na kutaja gari, karani aliandika kwamba familia hii tayari ina mahali pa kulala. Batula hakubisha. Yeye kubisha hakujui. Hata kwenye mikutano ya wanawake alikaa karibu na mlango na kuitikia amina.

Hata hivyo, alijulikana. Watu waliita nyumba yake "kwa Batula wa sufuria."

Sufuria yenyewe ilikuwa bandani nyuma ya nyumba. Wanawake kumi na tisa wa mikutano ile walichanga, ikanunuliwa Eastleigh, ikapanda ndege ikiwa imejazwa mashuka. Ilipika kilo ishirini za mchele kwa mkupuo mmoja. Kila arusi na kila matanga, watu walikuja kuichukua kwake, kwa sababu ni yeye tu aliyekuwa na banda. Na Jumamosi hii ilikuwa arobaini ya marehemu mume wa mwenzao Mwanamkasi. Watu themanini wangekula.

Batula aliikumbatia, akapanda mizani. Hakuweza kuona miguu yake.

"Eleven," Kowsar akasema. Akajumlisha ukurasa mzima, akauma kalamu. "There's nothing left, hooyo. Imefika mia moja na hamsini bila sufuria."

Wakala wa mwenye nyumba alikuja saa nane kukagua na kuchukua ufunguo, saa nzima kabla ya wakati. Alikuwa Albert, kijana Mkongomani mwenye koti zuri na simu ya kupigia picha. Alipita chumba baada ya chumba, akafika bandani.

"Mama, kitu yote inatakiwa itoke. Kitu moja ikibakia, wanakata kwa ile pesa yenu ya dipoziti." Akaigusa sufuria. "Hii naijua. Ndiyo ilipika kwa matanga ya baba yangu."

"Ndiyo hii," Batula akasema taratibu. "Basi ichukue wewe, mwanangu. Ikae kwako mpaka Jumamosi."

Albert alicheka bila furaha. "Kwangu? Niko na chumba moja, mama. Mtoto analala karibu na friji. Hii tukiingiza, sisi tunatoka."

Akarudi nyuma hatua mbili, akaipiga picha.

Batula alimtazama Gurnam, aliyekuwa amewafuata hadi bandani. Mzee aliinamisha kilemba chake. "Nyumba nakaa mimi ni ya mwanangu, mama. Hata gari nimeuza sababu hakutaka ikae pale mlangoni."

Ikabaki Luul, mwenyekiti wa wanawake. Batula alimpigia simu, ingawa mwezi mzima alikuwa amemdanganya kwamba wamepata nyumba nyingine.

"Nikuwekee sufuria?" Luul akafoka. "Kwani hiyo nyumba mliyopata Kings Heath haina jiko? Au sufuria yetu itawachafulia vigae?"

"Hakuna Kings Heath," Batula akasema. "Tunahamia garini."

Upande wa pili kulisikika televisheni, na watoto wakigombania kitanda.

"Tangu Ramadhani tuko hotelini, tumewekwa na ofisi ya makazi," Luul akasema, sauti imeshuka. "Watu sita, chumba kimoja. Haturuhusiwi kuchemsha hata yai. Ukinisikia nasema niko nyumbani, ndiko huko."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe mbona hukuniambia?"

Upande wa pili televisheni ikazimwa. Luul akasema, "Iuze kwa watu wa vyuma chakavu, mdogo wangu. Hatuna tena nyumba inayoitosha."

Batula alikata simu. Aliingiza mkono ndani ya sufuria, akapapasa pale chini palipokwaruzwa na miiko ya miaka minane. Kisha akaibeba, akapita nayo jikoni, sebuleni, mlangoni, hadi kwenye gari. Akaiweka juu ya kitanda cha Kowsar.

"Mum, we can't," Kowsar akasema. "Ni kilo eleven!"

"Mzee Gurnam," Batula akaita, "fungua maji."

"Maji gani?"

"Ya tangini. Lita kumi na moja."

"Mama, huko mnaenda kulala hakuna bomba!"

"Najua."

Gurnam alimwangalia kidogo, kisha akapiga magoti kwa taabu, akafungua bomba chini ya gari. Akakinga ndoo ya lita kumi, akaimwaga. Akakinga jagi la lita moja, akalimwaga pia. Maji yalipita kando ya gurudumu, yakatiririka mbele ya mlango, pale ambapo Batula alikuwa amepafagia miaka tisa.

Albert alitoka na karatasi zake mkononi, akasimama ukingoni mwa barabara, viatu vyake vikilowa.

"Mama, mmemwaga maji hapa kwa njia. Hii nayo nitaiandika."

Batula alimwekea ufunguo kwenye kiganja.

"Andika," akasema, kwa sauti ambayo Kowsar hakuwahi kuisikia. "Na sufuria uandike pia. Andika imeondoka na sisi."